Nyaya za Ndani

Sifa ya chombo huonekana nje, na kazi yake hufanyika ndani. Mtu huisifu nyumba kwa rangi ya kuta zake, asiutaje msingi. Huisifu saa kwa uso wake, asiyataje meno yanayoizungusha mishale. Kompyuta nayo twaijua kwa kioo na kibodi. Yaliyomo kashani mwake tumewaachia mafundi, nasi twaridhika maadamu kazi inakwenda. Nilikuwa mmoja wa walioridhika hivyo kwa muda wa miaka 8. Siku niliyolifungua kasha la kompyuta yangu nilikuwa daktari wa falsafa na mwalimu wa sarufi katika chuo kikuu. Kabla ya jua kutua nilikuwa mwanafunzi mbele ya kijana ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Naisimulia habari hiyo bila ya kujipamba, kwa kuwa ndani yake mna funzo la mkono na funzo la ulimi, nami sikujua kabla ya siku ile kwamba mafunzo hayo mawili ni ndugu.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, ya kasha refu la chuma jeusi, nayo hukaa chini ya meza ofisini kwangu Dar es Salaam. Niliinunua mwaka 2016, mwaka niliomaliza shahada ya uzamivu. Ndani ya diski yake mlikuwa na mihadhara, mitihani na barua. Vitu hivyo vyote vina ndugu zao mahali pengine, na vikipotea leo vitapatikana kesho. Lakini mlikuwa pia na kitu kimoja kisichokuwa na ndugu. Mwaka 2013 nilikwenda Kilwa Kivinje kutafiti msamiati wa ususi wa mikeka, nikakaa kwa bibi mmoja aliyenifundisha maneno ya kuchana ukindu, kuutia rangi, kusuka ukili, na kushona ukili kwa ukili hata mkeka ukatokea. Alikuwa akiniita mjukuu wake. Nilizinasa sauti zake muda wa saa 14. Mwaka 2019 alifariki dunia, Mungu amrehemu. Nakala ya pili ya sauti hizo ilikuwa katika diski ndogo ya kubebwa, nayo ikafa kama vinavyokufa vitu vidogo vya kubebwa. Nilisema nitatoa nakala nyingine. Neno lile 'nitatoa' likakaa kinywani miaka mitatu, wala halikushuka mikononi.

Mwezi wa Agosti mwaka 2024, chuo kilipokuwa likizoni, kompyuta ilianza kupata moto na kuzimika katikati ya kazi. Nilitambua kwamba kosa ni vumbi, na katika kutambua huko sikukosea. Nilikosea katika yaliyofuata. Nilichukua bisibisi nikafungua ubavu wa kasha, nikakuta ndani nyaya zilizosongamana kama kiota cha kunguru: nene za umeme, bapa za kupitisha habari za diski, na nyembamba kama uzi zinazokwenda kwenye kitufe cha kuwashia na taa za mbele. Ili brashi ifike kwenye feni nilichomoa baadhi yake. Sikuandika chochote, kwa kuwa nilijitegemea kumbukumbu. Mtu aliyekariri ngeli zote na vighairi vyake atashindwaje na nyaya sita? Nilipomaliza kufagia nikazirudisha, na kwa bahati kila moja ilirudi mahali pake. Waya mmoja bapa niliuacha ukining'inia, nikafunga kasha, nikawasha.

Kukatoka mlio wa kukwaruza. Mapanga ya feni yalikuwa yakiupiga waya ule niliouacha. Wakati huo mwanafunzi mmoja alikuwa mlangoni akingoja barua ya udhamini, na mimi sikutaka anione nimeshindwa. Nikabonyeza kitufe cha kuzimia, nikaacha plagi ukutani, nikafungua ubavu upya, nikatia mkono na kuuvuta waya katikati yake, kwa upande, ili utoke njiani. Ulitoka. Pamoja nao kikasikika kidoko kidogo kama cha kijiti kikavu. Nilipowasha mara ya pili, maneno meupe katika kioo cheusi yalinieleza kwamba hakuna diski ya kuanzia kazi. Nilisoma maneno hayo mara kadhaa, kama mtu asomaye jibu la maombi aliyokwisha kuyahesabu kuwa yamekubaliwa.

Barua ya yule mwanafunzi niliiandika kwa mkono. Kisha nikaivika kompyuta kanga ya zamani, nikapanda bajaji nimeipakata, nikaenda Kariakoo. Njiani nilijaribu kuikumbuka sauti ya bibi. Maneno yake niliyakumbuka yote, kwa sababu nimeyaandika katika tasnifu na kuyapanga kwa alfabeti. Sauti haikuja. Nilijua alisema nini, nisijue tena alikisemaje. Na hapo ndipo nilipofahamu kwamba tasnifu yangu ilikuwa imehifadhi nusu tu ya bibi yule, na ile nusu nyingine nimeipakata juu ya magoti.

Fundi alikuwa kijana mwenye miwani ya kukuzia vitu iliyofungwa kichwani.

'Shikamoo, mwalimu.'

'Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mgonjwa.'

'Amepatwa na nini?'

'Waya wa diski umevunjika.'

Aliuinua ule waya, akautazama mdomoni, kisha akaitazama diski. 'Waya mzima, mwalimu,' akasema kwa upole. 'Kilichovunjika ni kijiulimi cha diski. Hiki hapa, kimebaki ndani ya kichwa cha waya. Nacho hakivunjiki chenyewe. Kuna mtu ameuvuta kwa upande.'

Nilinyamaza. Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi kauli ya kutendeka. Nimewaonyesha ubaoni kwamba asemaye 'kikombe kimevunjika' anakitaja kikombe na hali yake, na mtenda amemwacha nje ya sentensi. Na kwamba kauli hii haimkaribishi mtenda hata mwishoni, kama kauli ya kutendwa inavyomkaribisha kwa neno 'na'. Twaweza kusema 'kimevunjwa na Juma'; hatusemi 'kimevunjika na Juma'. Siku zote nililihesabu hilo kuwa ni jambo la umbo la kitenzi. Pale dukani niliona matumizi yake: nilikuwa nimeitumia sarufi yangu kujificha. 'Nimeuvuta mimi,' nikasema, 'nao nikauvunja ulimi wa diski.' Kijana hakunicheka. Alisema, 'Basi nimejua la kufanya,' kwa maana fundi aliyeelezwa 'imevunjika' hana budi kuanza kutafuta chanzo, na aliyeelezwa nani amefanya nini ameshapewa nusu ya tiba.

Akaniuliza kama nilikuwa nimechomoa plagi ukutani nilipotia mkono. Nilimwambia kweli, kwamba sikuchomoa. Hapo ndipo alipokunja uso mara ya kwanza. 'Mwalimu,' akasema, 'diski zinauzwa hapa mtaani. Mkono hauuzwi.'

Tiba yenyewe ilikuwa ya subira. Waya wa sata, ambao ndio uliozishika diski za kompyuta za mezani tangu miaka ya 2000, una vidole 7 vya shaba vya kupitisha habari, na kwenye diski vidole hivyo hulala juu ya ulimi mwembamba wa plastiki wenye umbo la herufi L. Ulimi ulikuwa umekatika, na vidole vimebaki vimesimama vyenyewe hewani. Kijana alivinyoosha kimoja kimoja kwa sindano, akakiacha kile kipande cha ulimi ndani ya kichwa cha waya kilipokuwa, kisha akakisogeza kichwa mbele polepole hata vidole vikalala tena juu ya kitanda chao. Akaufunga waya usitikisike. 'Huu haukuponywa,' akasema, 'umeshikizwa tu. Tunakili kwanza, maneno baadaye.' Sauti zote za bibi zilikuwa gigabaiti 9 hivi. Zilipita kwenda diski nyingine kwa dakika zisizofika 10. Jambo nililoliahirisha miaka mitatu lilihitaji muda wa kunywa kikombe cha chai.

Alifungua faili moja ili kuhakikisha. Pale penye makelele ya mtaa nilimsikia bibi akikohoa, jogoo akiwika nyuma ya nyumba, na yeye akiniuliza kama chai ilinitosha. Nilijifanya nasoma bei zilizobandikwa ukutani.

Wiki iliyofuata nilirudi kwa hiari yangu, naye akanifundisha juu ya kompyuta kuukuu isiyo na mwenyewe. Nitayaandika aliyonionyesha kwa mpango wake, pamoja na sababu zake, kwa maana amri isiyo na sababu husahauliwa siku ya haraka.

Jambo la kwanza ni umeme. Umeme wa ukutani kwetu ni wa volti 230, nao huingia katika kijisanduku cha chuma kilicho pembeni mwa kasha, ambacho mafundi hukiita pawasaplai. Humo hugeuzwa kuwa volti 12, volti 5 na volti 3.3. Hizi ndogo hazitishi mwili, lakini zatosha kuunguza kifaa ikiwa bisibisi imeangukia mahali pasipopasa. Tena, kitufe cha mbele hakizimi kila kitu: maadamu plagi imo ukutani na swichi imewashwa, volti 5 za kungoja hubaki zikizunguka katika ubao mkuu, huo waitwao mazabodi, ili kompyuta isikie itakapoamshwa. Kwa hiyo zima kazi kwa taratibu zake, zima swichi ya ukutani, chomoa plagi, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili masalio ya umeme yaishe. Na pawasaplai yenyewe usiifungue kamwe, hata ikiwa imechomolewa. Mna kapasita ndani yake ziwezazo kutunza umeme mkali baada ya plagi kutoka. Kijana alisema kwamba yeye mwenyewe huinunua mpya.

La pili ni umeme uliomo mwilini mwetu. Mtu atembeaye, avaaye na kuvua, hukusanya umeme tuli. Aweza kubeba volti elfu moja au mbili asihisi kitu, na chembe hiyo ikatosha kuudhuru ubao. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, nao hutusaidia kuupunguza. Lakini ofisi iliyofungwa na kupozwa kwa mashine siyo pwani tena. Gusa chuma kitupu cha kasha kabla ya kugusa kingine, na ukigusegusa kila mara uendeleapo.

La tatu ni kumbukumbu. Kabla ya kuchomoa waya hata mmoja, piga picha kwa simu, kwa mbali na kwa karibu, kisha bandika kipande cha karatasi kwenye kila waya na mahali utokapo, ukiandika A kwa A na B kwa B. Nilipomweleza kwamba mimi nilitegemea kichwa changu, alijibu kwamba naye ana kichwa, na kwamba simu ndiyo humwokoa kikichoka. Faida ya picha huonekana zaidi katika zile nyaya nyembamba za mbele. Vichwa vyake ni vidogo na vinafanana, nazo hukaa katika safu moja ya pini. Waya wa kitufe waweza kugeuzwa na kazi ikaenda; waya wa taa ukigeuzwa taa haiwaki, kwa sababu taa hiyo hupitisha umeme upande mmoja tu.

La nne ndilo lililonileta kwake: shika kichwa, usishike waya. Kila kichwa kina namna yake ya kuagana na mahali pake. Kile kikubwa cha pini 24 kinacholisha mazabodi kina ndoana ubavuni. Ibonyeze kwa kidole gumba hadi iachie, kisha vuta moja kwa moja kwa nguvu ya wastani, mkono wa pili ukiutuliza ubao usipinde. Kichwa cha sata mara nyingi kina kibati kidogo cha kubonyeza, na kingine hakina. Chochote kiwacho, hutoka kwa mstari ulionyoka, si kwa upande. Vichwa hivi havikuumbwa kwa kuchezewa: kipimo chake ni kuchomekwa na kuchomolewa mara 50 hivi katika maisha yake yote. Kisichotaka kutoka hakijaelewa; tazama tena ndoana iko wapi, wala usiongeze nguvu.

La tano ni kutolazimisha vifanane visivyofanana. Kichwa cha pini 8 cha kulisha kichakataji na kichwa cha pini 8 cha kulisha kadi ya picha ni kama maneno mawili ya sura moja na maana mbili: volti 12 na njia ya kurudi zimepangwa kinyume, na maumbo ya matundu yamewekwa yasiingiliane. Anayekilazimisha ameuvunja ulinzi kwa mikono yake. Kuna pia pawasaplai ambazo nyaya zake huchomoka pande zote mbili. Upande wa vifaa una kanuni moja, ila upande wa pawasaplai kila mtengenezaji ana mpango wake. Waya wa moja ukiingia katika nyingine kwa ukamilifu waweza kupeleka volti 12 palipongoja 5, na diski ikafa pale pale. Nyaya za kila pawasaplai na zikae katika mfuko wake. Rangi nazo zina lugha: katika mpango wa zamani manjano ni volti 12, nyekundu volti 5, rangi ya chungwa volti 3.3, zambarau ile ya kungoja, na nyeusi njia ya kurudi. Walakini siku hizi nyingi huvikwa weusi mtupu, na anayesoma rangi peke yake atajikuta hajui kusoma.

La mwisho ni njia. Waya uliorudishwa mahali pake haujamaliza safari. Kati ya kichwa na kichwa una mwili unaohitaji makao. Upitishwe nyuma ya bamba la chuma ikiwa nafasi ipo, uepushwe na feni na kingo kali, usikunjwe kama karatasi, usibanwe na ubavu wa kasha unapofungwa. Ufungwe kwa utepe laini, kwa kulegea kidogo, ili vichwa visivutwe. Kisha, plagi ikingali nje, zungusha kila feni kwa kidole uone kama lipo linaloigusa. Kitendo hiki hakichukui nusu dakika. Lau ningalikijua mwezi wa Agosti, nisingaliandika insha hii.

Baada ya siku zile nimekuwa nikiyasikiliza maneno ya watu kwa sikio jingine. Barua za ofisi husema 'taarifa zilichelewa'; wanafunzi husema 'karatasi imepotea'; wazee wa kamati husema 'fedha zimeisha'. Siyalaumu maneno yasiyomtaja mtenda, kwa kuwa lugha haikutupa kitu cha bure: embe huiva, mvua hunyesha na udongo ukalowana, mwili huchoka, na hapo hapana wa kutafutwa. Lakini kati ya embe lililoiva na ulimi uliovunjika pana mkono, na mwenye mkono anajua. Taratibu zote alizonipa kijana zina shina moja, nalo ni kukiri kabla ya kazi kwamba mtenda nitakuwa mimi. Anayebandika vipande vya karatasi amekiri kwamba aweza kusahau. Anayechomoa plagi amekiri kwamba mkono wake waweza kuteleza. Anayenakili mapema amekiri kwamba siku moja atavunja. Mimi sikuwa nimekiri lolote katika hayo, ndiyo maana nilikuwa na neno tayari la kuusafisha ulimi wangu hata kabla sijaosha vumbi la mikono.

Sauti za bibi sasa ziko mahali patatu, na pamoja wapo ni kwa wajukuu zake Kilwa Kivinje, ambao walistahili kuzipata kabla yangu. Diski ya zamani nimeistaafisha. Imo katika mtoto wa meza yangu, na kichwa cha waya bado kimeshikamana nayo, kwa kuwa kijana alinikataza kukitoa tena. Juu yake nimebandika kipande cha karatasi kama alivyonifundisha. Wageni wengine wangaliandika 'imevunjika'. Mimi nimeandika: 'Niliivunja, Agosti 2024.'

Nawe msomaji, ikiwa una sauti, barua au picha isiyo na ndugu ndani ya kasha lako, usingoje vumbi likulazimishe. Inakili leo. Kisha siku utakapofungua, chomoa plagi, piga picha, gusa chuma, na ushike kichwa cha waya.